Ukuta wa Kaskazini

Jumatatu, 7 Julai
Jeppestown tena, na futi kamba. Kupima, kuchora, kupiga picha. Vidole vimekufa ganzi. Mwenye jengo anaomba kulibomoa, na kamati ya majengo ya kale itaamua kwa ripoti nitakayoandika mimi. Aliyelichora ni Mskoti, alifika mji huu akiwa kijana, zaidi ya miaka mia iliyopita. Nyumba zake za baadaye zinasifiwa mpaka leo. Hili hakuna anayelitaja.

Jumanne, 8 Julai
Jengo bovu. Niseme tu. Vyumba vikubwa vyote vinatazama kusini, jua havilioni kipupwe kizima. Mama Furaha, fundi cherehani wa Lubumbashi aliyepanga chini, anashona na koti mwilini. Ameshaanza kufunga vitambaa kwenye mifuko na kuirundika chumba cha nyuma. Huniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, bakibomoa hii nyumba, tutaenda wapi?" Nikajifanya napima mlango.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeziona ramani zake kwenye nyaraka za mji. Karatasi ya kwanza: ukuta wa kaskazini hauna dirisha hata moja. Ya pili, ya miaka miwili baadaye, mwandiko uleule: madirisha matatu, kwa wino mwekundu. Nikarudi mbio Jeppestown. Yapo, nyuma ya mifuko ya Mama Furaha. Tofali zimekatwa, hazikujengwa hivyo.

Kumbe! Kwao jua hupita upande wa kusini; huku hupita kaskazini. Akaligeuza jengo kama kwao. Baridi ikamuumbua, akatoboa ukuta. Nyumba zake zote zilizofuata zinatazama kaskazini.

Nimecheka peke yangu. Mwaka wangu wa kwanza mji huu, mtaa wa Rosettenville, nilichagua chumba kisichopigwa na jua, kama ningefanya Tanga. Julai ile nililia kwa baridi.

Jumapili, 13 Julai
Sina raha. Bosi wangu kapiga simu kutoka nyumbani kwake Midrand: andika ni kazi ya mwanagenzi, haina thamani, tumalize. Mimi nawaza kinyume. Nikisema madirisha yale yalikuwepo tangu mwanzo, Mskoti ataonekana bingwa na Mama Furaha atabaki. Nimeiandika sentensi hiyo. Nimeifuta. Nimeiandika tena. Najichukia.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeandika ukweli. Alikosea, na hapa ndipo alipojifunza. Ramani zote mbili nimeziweka mbele. Bosi kasoma akiwa amesimama. "Eish. Hata hivi umempa mwenye jengo sababu ya kulibomoa." Huenda. Nimeituma kwa kamati hivyohivyo.

Ijumaa, 25 Julai
Kamati imekataa ombi. Jengo linabaki. Barua fupi, inataja sababu moja tu: ukuta wa kaskazini, pale Mskoti alipojifunza.

Nimempelekea Mama Furaha habari. Tumeiondoa mifuko dirishani, mmoja mmoja, kisha tukasukuma cherehani hadi pale. Jua lilikuwa limefika mezani. Akavua koti, akalitundika msumarini, akaanza kushona.