Mjeledi wa Baba Unaonukia Waridi

Nyumba ile ile, mlango wa buluu,
Jumapili, 9 Agosti.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi, zote za moto moto. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto, wanakula, wanalala, wanasikia wanapoambiwa, au wamechukua tabia za baba yao? Lile jino ulilokuwa unalilalamikia umeling'oa, au bado unalibembeleza? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa ya kugombana na jirani, linapona. Saluni yangu inakwenda vizuri, vichwa vya kusuka haviishi, ila vidole vinalia. Najua unasema, "Cherehani ameanza, hatanyamaza leo." Ulinipa jina hilo mwenyewe, basi vumilia.

Nikujibu kwanza lile uliloniuliza, maana nakujua, umeruka salamu zote kulitafuta. Hapana, Baba hana kinyongo nawe. Kutokuja kwake kwenye simu hakuhusiani kabisa na wewe kushindwa kuja alipougua. Tangu alipopooza upande wa kulia ulimi umekuwa mzito, maneno yanamtoka vipande vipande, naye anaona haya mwanawe mkubwa amsikie hivyo. Hata sisi alikuwa hatusemeshi. Alijifungia chumbani, akawa mtu wa kutazama ukuta.

Daktari wa mazoezi alimpa mpira laini aubinye kwa mkono wa kulia, akatuonya waziwazi kwamba mkono usipofanya kazi utakakamaa, na ukishakakamaa ndiyo basi tena. Baba aliubinya siku moja. Siku iliyofuata akamtupia paka. Mama akabembeleza, mimi nikabembeleza, tukagonga mwamba.

Ndipo nikaukumbuka mjeledi. Unaukumbuka? Ule mrefu wa ngozi ya kusuka, aliokuwa akiwaongozea maksai wake wakivuta magogo hadi kiwanda cha mbao. Hakumgusa nao ng'ombe hata mmoja. Ulikuwa wa mlio tu, na maksai waliuelewa mlio ule kuliko sisi tulivyomwelewa mwalimu wa hesabu. Na jioni aliupiga uani kutuita tuje kula: mara moja ni mimi, mara mbili ni wewe. Mimi nilikuja mbio. Wewe ilibidi Mama akufuate na mwiko.

Nikautoa juu ya kabati. Maskini ya Mungu! Ngozi imekauka, imepasuka pasuka, na karibu na ncha panya wameshiba, kanda zimekatika. Nikajiambia, kazi gani hiyo? Mimi ni msusi. Nasuka vichwa vya mtaa mzima, nitashindwa na mjeledi usio na hata mdomo wa kulalamika kwamba unaumia?

Nikaenda kumuuliza fundi viatu wa kona. Alikuwa amebana misumari mdomoni, hakutaka maongezi. "Ngozi kavu haisukiki," akasema. "Ipake kwanza mafuta ya ngozi, mengi, ilale nayo." Mafuta ya ngozi! Nikacheka moyoni, maana pale saluni ninayo rafu nzima. Nikachukua chupa kubwa kuliko zote, ile ya waridi wanayoipenda mabibi arusi, nikauogesha mjeledi kuanzia mpini hadi mkia, nikaufunga kwenye taulo, nikaulaza.

Kaka, asubuhi nyumba nzima inanukia! Mama akaamka akiuliza, "Nani anaolewa humu ndani na mimi sijaambiwa?" Mimi huyo, nimeshatoka uani na mjeledi wangu mlaini, nasema ngoja niujaribu kidogo kabla ya kusuka. Nikauzungusha. Kwa utelezi ule ukanichomoka mkononi, ukapaa, ukaenda kujiviringisha kwenye shuka za jirani zilizoanikwa. Jirani akatoka, na mdomo wake unaujua. Sitayaandika aliyoyasema, karatasi hii bado safi.

Fundi viatu aliunusa tu, misumari yote ikamtoka mdomoni. "Dada, mafuta ya ngozi ya ng'ombe! Wewe umeupaka ya watu?" Alicheka mpaka wateja wake nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akanipa kopo la mafuta yake mazito, akaniambia niufute kwanza kwa kitambaa kikavu. Nilifuta, nikafuta tena, lakini ile harufu ya waridi haijatoka mpaka leo.

Sasa sikiliza. Nilikaa kwenye mlango wa uani nikaanza kusuka. Kanda mpya nilizikata kwenye mkoba wa zamani wa Mama, ambao aliutoa shingo upande, nikaziloweka zilainike, nikaziunga na zile za zamani. Nasuka kwa kanda tatu, kama nywele, maana vidole ndivyo vilivyozoea, na naona msuko unatoka bapa kama utepe. Mara nasikia nyuma yangu mguu unaburutwa. Kugeuka hivi, ni Baba! Ametoka chumbani mwenyewe, hajaitwa na mtu, anashikilia ukuta, pua juu, anaifuata harufu. Akanitazama mimi, akautazama mjeledi, uso umemwiva kwa hasira.

"Nani... kaupaka... marashi?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikafanya yote mawili. Tangu augue hatukuwahi kumsikia akiuliza jambo lolote. Nikamwambia, "Ni mimi, Baba, nimekosea mafuta." Akajikalisha kwenye kigoda, akauchukua msuko wangu niliojivunia, akaufumua wote kwa mkono wa kushoto.

"Nne," akasema. "Si tatu. Uwe... mviringo."

Kumbe mjeledi husukwa kwa kanda nne: ukanda wa pembeni unapita nyuma, unazunguka, unarudi kati, na lazima mtu mwingine avute upande wa pili, la sivyo msuko unalegea. Nikasema, "Shika hapa, Baba," nikauweka msuko kwenye mkono wake uliokuwa karibu nami, bila kufikiri ni upi. Akashika kwa mkono wa kulia. Ukamteleza, akashika tena. Nilijifanya sioni, nikaendelea kusuka. Nikilegeza kidogo tu, anavuta na kunikemea.

Tangu siku ile nikifunga saluni namkuta yuko kwenye kigoda ananingoja, na amekasirika kwamba nimechelewa. Mama amemwambia daktari kwamba mpira ule sasa ni mali ya paka rasmi. Tulisuka na kufumua, tukasuka tena. Mwisho kabisa tulifunga kinyuzi kidogo kwenye ncha, maana kumbe mlio wote unatoka kwenye kile kinyuzi, nami siku zote nilidhani ni ngozi.

Jana jioni ukawa tayari. Baba akasimama katikati ya uani, Mama amemshika kiuno, jirani amewahi kuanua shuka zake. Mara ya kwanza mjeledi ukaanguka chini, pwata. Mara ya pili ukamchapa yeye mwenyewe mguuni. Mama akasema, "Basi, mume wangu, pumzika, tutajaribu kesho." Akatikisa kichwa. Mkono wa kulia ukapanda, ukaishia usawa wa sikio, ukashuka.

Pa!

Njiwa wote wakaruka kutoka kwenye paa. Mimi, mtu mzima mwenye saluni yangu, nikajikuta namkimbilia, maana mara moja ni mimi. Akanisukuma kando kwa kiwiko. Hakuwa amemaliza. Akaukusanya tena polepole, jasho linamtiririka, akaupiga tena. Pa!

Kisha akageuka kuuelekea mlango wa barabarani, akasimama anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Halafu akamwambia Mama, moja kwa moja bila kukwama, "Huyo naye siku zote huchelewa."

Mama anakusalimu sana, na anasema mwiko bado anao. Shangazi anakusalimu. Jirani naye anakusalimu, ila ukija umletee shuka mpya. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto wabane mashavu mpaka wapige kelele. Mwenyezi Mungu awatunze nyote, awape afya, na awafungulie njia, hasa hii ya kurudi nyumbani.

Umeitwa, kaka. Mara mbili. Baba yuko uani anasikiliza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Cherehani