Nilimfutia Binti Yangu Nukta

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana nimemharibia binti yangu na yeye anadhani ameharibu mwenyewe. Mimi ni fundi wa nguo, shule niliiacha mapema, na meza yangu ya kukatia ndiyo meza yake ya masomo. Juzi alichora grafu kwa penseli, akaunga nukta zake kwa mstari uliopinda kama shingo ya blauzi, akaenda kuoga, nami nikauona mstari umeyumba upande mmoja, mkono ukaniwasha, nikaufuta, nikauchora upya kwa rula yangu iliyopinda, ya kuchorea makwapa ya nguo, ukatoka mzuri kweli, na nukta moja niliifuta nikidhani ni uchafu. Akarudi akasoma namba pale mchoro unapokata ule mstari uliolala, mbili imekuwa tatu, akaandika vigawo na mlinganyo, vyote vikapigwa kosa, na mwalimu akamwuliza mbele ya darasa, “Mbona mchoro haufuati namba zako? Ulichora umefumba macho?” Sasa wenzake wanamwita Kipofu. Jana akaniambia, “Mama, hesabu basi. Ijumaa tunajaza fomu ya masomo, naiacha, nije tushone wote.” Na mshauri, nikafurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Nikimwambia, ataniamini tena?

Mama wa Makwapa

Pole, mama, ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe kila kitu blauzi! Mstari ule unapita namba zinapouamuru, hata ukiwa mbaya wa sura. Ukikata kwenye mbili, kigawo ni eksi toa mbili. Wewe ulimpa tatu, naye akaisoma sawasawa. Si kipofu huyo, aliamini tu kwamba mchoro ni wake.

Leo akirudi, hata viatu hajavua, mwambie. Usianze na “nilitaka kukusaidia.” Anza na “nilifuta.” Kisha achore upya mwenyewe kutoka kwenye namba zake, na wewe mikono uikalie. Kesho mfuatane kwa mwalimu, rula mkononi, useme vilevile darasa likisikia, kwa sababu aibu aliipata hapo hapo.

Kufurahia mtoto awe karibu si kosa. Kosa ni kumpata kwa kumwacha aamini hana akili.

Gauni ukilikosea kukata, humwambii mteja mwili wake ndio umepinda. Fumua, mama. Leo.