Pilau niliyoipeleka kwa akina Rima

Jedda, Alhamisi

Bora ningekaa kimya. Bibi aliposikia kwamba jengo analoishi mama mdogo wa Rima huko Gaza limeangushwa na bomu, alipika pilau papo hapo, maana nyumba ya msiba haiwashi jiko. Nikaipandisha ghorofani kwao, nikamwambia mama yake Rima, “Allah amrehemu.”

Hakunikaripia. “Hatujafiwa, habibti,” alisema. “Mdogo wangu yumo chini ya kifusi. Bado tunampigia simu.”

Rima, niliyesoma naye mpaka tukamaliza shule, hakuniangalia.

Bibi yao alifukuzwa Yafa, mji wao Palestina, mwaka arobaini na nane, mama yao akazaliwa kambini. Nilidhani kulijua hilo kunatosha.

Nikarudi na sinia likiwa vilevile. Bibi akalifunika. “Tulipoikimbia Unguja wakati wa Mapinduzi,” akasema, “kaka yangu alipotea, na mama alikataa asomewe hitima. Mpaka anakufa alikuwa akisema mwanawe yuko njiani.”

Nimeswali Isha, lakini dua imenishinda. Sijui nimwombee mama mdogo wa Rima pumzi au rehema.