Mpangaji Alidhani Watu ni Mia Mbili

Jumanne, 2 Septemba 2025

Sista Harriet amepiga simu kabla sijamaliza chai. "Awor, hii kompyuta yako imelala tena." Yeye ndiye anayetafuta wachangiaji damu hospitalini kule Tororo, upande wa Uganda. Anaandika kundi la damu, anabonyeza, anangoja. Leo amengoja dakika kumi na moja, halafu ukurasa ukakatika. Akarudia daftari lake la zamani lenye namba za simu, akampata mtu. Daftari! Na sisi tumekaa hapa Busia miaka miwili tukijenga rejista moja ya pande zote mbili za mpaka.

Nimejaribu mwenyewe. Majina ya upande wa Kenya peke yake — hata sekunde haiishi. Nikiongeza ya Tororo — dakika kumi na moja na nusu. Laban, mwenzangu wa kazi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema labda ni mtandao. Nikasema labda. Moyoni sikuamini.

Babra, mdogo wangu, hajajibu ujumbe wangu tangu juzi.

Jumatano, 3 Septemba

Amejibu. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Watampasua tarehe kumi na tano. Daktari anataka chupa mbili za damu ziwe tayari kwanza. "Usimwambie Mama bado."

Mdogo wangu ni O hasi, kama marehemu baba. Mimi ni O chanya. Nilipimwa chuoni nikafurahi, nikaona nina damu ya kawaida, sina shida. O hasi hupokea O hasi tu; sasa siwezi kumpa hata tone.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimelipata kosa. Niandike, labda aibu itapungua.

Swali likiingia kwenye mfumo, haukurupuki kutafuta. Kuna sehemu yake inayokaa kwanza na kupima njia: nianze na jedwali lipi, nibebe nini kutoka seva ya Tororo kuja seva ya Busia, au nitafute hukohuko. Inakadiria gharama ya kila njia, inachagua iliyo ndogo. Sisi tunaiita mpangaji. Laban husema ni mpangaji asiyelipa kodi na bado anahamisha samani za watu.

Sasa, mpangaji hawezi kuhesabu watu upya kila mara. Anategemea hesabu aliyopewa. Leo nimemwomba anionyeshe mpango wake, na ndani yake nimeona anaamini Tororo ina wachangiaji 212. Wako 18,640.

Kwa hiyo amekuwa akifanya jambo la busara kabisa. Watu mia mbili ni mzigo mwepesi — wabebwe wote, waje Busia, halafu kila mmoja apekuliwe historia yake ya kuchangia, mwanzo hadi mwisho. Kwa mia mbili, sawa. Kwa elfu kumi na nane, ndiyo hizo dakika kumi na moja.

Mpangaji hana kosa. Alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Wale 212 walikuwa wa majaribio. Julai niliingiza majina yote ya kampeni za makanisani na sekondari kwa siku moja, nikazima ile hesabu inayojiendesha ili kazi iishe haraka. Sikuiwasha tena.

Miezi miwili. Sista Harriet amefungua daftari lake mara ngapi?

Sijamwambia Laban.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeenda Kiyeyi, nyumbani kwa Babra. Nimemkuta kwenye mkeka nje ya jikoni, anamenya karanga. Amekatazwa kuinama, kulima, kubeba maji. Phillip, mume wake, anachota mwenyewe, na majirani wanamcheka. Hajali.

"Unaniangalia kama mimi ni yai," Babra akasema.

Nikasema siangalii. Nilikuwa naangalia. Miguu imevimba, uso umekuwa mdogo.

Nikamsuka, maana atalala hospitali siku nyingi. Zamani alikuwa akilia nikimsuka, alisema nina mkono wa mwanaume. Leo ametulia kimya, kichwa amekilaza pajani pangu, na mtoto akacheza tukaona gauni likisogea. Akachukua mkono wangu akauweka pale. Tukakaa hivyo. Sijui muda gani.

Halafu bila kupanga nikamwambia. Kwamba kule Tororo wakitafuta damu inachelewa, na kosa ni langu, nilisahau kuhesabu watu. Nilidhani atakasirika. Nilitaka akasirike.

Akafikiri kidogo. "Sasa si uhesabu?"

"Nitahesabu."

"Basi. Suka, mkono wako umesimama."

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika kazini mapema kuliko wote. Nimehesabu upya majedwali yote, pande zote mbili. Dakika nne tu. Miezi miwili kwa sababu ya dakika nne.

Dakika kumi na moja zimekuwa sekunde hamsini.

Laban alipoingia nikamwambia yote akiwa bado ameshika mkoba. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Mimi nangoja. Mwisho akasema mwezi wa nane Sista Harriet alimpigia yeye pia kulalamika, naye akamwambia azime kompyuta aiwashe tena. "Sikuangalia hata mpango. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako."

Kisha akauliza Babra anajifungua lini. Sikujua kama anakumbuka jina lake.

Jumanne, 9 Septemba

Sekunde hamsini hazitoshi. Nimempigia Sista kujua. Yeye hangoji sekunde hamsini — anabonyeza tena, na tena, kwa sababu nyuma yake kuna muuguzi anamsemesha na simu inalia. Kila anapobonyeza ni swali jipya juu ya lile la kwanza. Yanapangana, ukurasa unakufa.

Simlaumu. Ningebonyeza pia.

Jumatano, 10 Septemba

Siku nzima mimi na Laban, meza moja. Mchana ametuletea chapati na maharage, tumekula bila kunawa vizuri.

Yeye ndiye aliyeona la kwanza. Makundi ya damu ni manane, na mpangaji, kwa kuwa hajaambiwa lolote, anadhani watu wamegawanyika sawasawa. Anadhani katika kila wanane mmoja ni O hasi. Ingekuwa hivyo, Babra asingekuwa na shida. Huku kwetu katika watu mia unawapata wawili, na pengine hawafiki. Mpangaji anaona watu elfu mbili na zaidi mbele yake, anaogopa kuwatafuta mmoja mmoja, anaona nafuu asome historia yote ya uchangiaji. Tumemwonyesha kila kundi lina watu wangapi kweli.

La pili nimeliona mimi. Katika mizani yake, kubeba data kutoka Tororo hadi Busia kuna gharama ileile ya kuibeba kutoka seva moja hadi nyingine ndani ya chumba hiki. Hajui kuna kilomita, hajui kuna laini inayokatika mvua ikinyesha. Tumepandisha gharama ya kuvuka.

Nikabonyeza. Nilidhani swali limegoma, maana jibu lilitoka kabla sijatoa kidole. Laban akasema rudia. Nikarudia. Mpango wake mpya: atafute O hasi wa Tororo hukohuko Tororo, awaondoe hukohuko waliochangia karibuni, wasioruhusiwa kutoa tena bado, kisha alete majina tu. Wachache.

Laban akaegemea kiti, akacheka taratibu. Mimi nikalia. Akanisogezea kikombe cha chai, akageuka akaangalia dirishani hadi nilipomaliza. Sijui kwa nini hilo limenigusa kuliko kama angenikumbatia.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika kwenye benchi, Tororo, nje ya wodi ya wazazi. Saa tisa alasiri.

Saa nne asubuhi Phillip amepiga. "Shemeji, ametoka damu. Tuko njiani." Sauti yake ilikuwa ya chini sana, kama mtu anayeongea kanisani. Laban akachukua kazi yangu mkononi bila kuuliza, akasema nenda, mimi nipo hapa kwenye simu.

Nimefika saa sita. Babra amelala ubavu, mweupe midomoni. Daktari amesema damu imepungua, mtoto anacheza, wanaweza kungoja kidogo, lakini hatampasua na chupa moja. Na kwenye friji ya O hasi kuna chupa moja. Ikishindikana apelekwe hospitali kubwa ya Mbale. Kisha akasema, taratibu, kwamba hapendi safari ile kwa hali hii.

Nimesimama nyuma ya Sista Harriet kama Laban anavyosimama nyuma yangu. Ameandika. Amebonyeza. Kidole kilikuwa tayari kubonyeza tena — na majina yakawa yameshatoka. Thelathini na moja wa eneo la karibu, wa jirani zaidi juu.

Akageuka akanitazama. "Ni hii hii?"

"Ni hii hii, Sista."

Alikuwa ameshainua simu. Wa kwanza hapatikani. Wa pili amehamia Kampala. Wa tatu ni kijana wa Malaba, ana malaria, ameomba msamaha mara tatu. Wa nne hapokei. Phillip alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anahesabu kwa midomo.

Wa tano amepokea. Nimesikia upande wa Sista tu. "Ni mama mjamzito... Ndiyo, leo... Hapana, sasa hivi." Halafu: "Asante, mami. Tunakungoja."

Anaitwa Kate, wa kijiji cha Kwapa. Mara ya mwisho alichangia Machi.

Tumengoja saa moja na dakika kumi. Nimeenda getini mara nne.

Amekuja kwa bodaboda. Mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, ana buti za shambani zenye matope mpaka juu. Nilidhani ni mtu aliyeleta mgonjwa. Akaniuliza, "Ni wapi wanatoa damu? Nimepigiwa simu."

Nikaonyesha kwa mkono.

Akaniangalia. "Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

"Haya. Nishikie hii." Akanipa mfuko wa plastiki, mzito. "Nilikuwa nachimba. Ningeviacha pale, wangeiba." Viazi vitamu, na udongo wake. Akavua buti mlangoni, akaingia peku na Sista Harriet.

Wamempima kwanza, damu yake ni nzuri, uzito unatosha kwa shida. Sasa anatoa. Ikishatoka itapimwa, Sista anasema masaa mawili, labda matatu, halafu ndipo daktari.

Laban ameandika: Amefika? Nimemjibu: Amefika. Ameandika tena: Nakuja nikifunga ofisi, kama hutajali. Bado sijajibu hilo.

Nimeingia kumwambia Babra. Amefumbua macho, ameuliza ni nani. Nikasema mama mmoja wa Kwapa, alikuwa shambani. Akauliza ana watoto? Sijui. Akauliza anaitwa nani, nikamwambia. Amelirudia jina mara mbili, polepole, kama anajifunza. Kisha akasema, "Mwambie—" na muuguzi akaja na mashine ya kusikiliza mtoto, akanitoa, akavuta pazia.

Phillip, aliyekuwa ameegemea ukuta, ameketi kando yangu. Ameuliza nimeshika nini. Nikamfungulia mfuko akaona. Nyuma ya pazia muuguzi anatafuta moyo wa mtoto, anasogeza kile kidude, anasogeza, na mimi na Phillip tumetega sikio, na huo hapo, unapiga.