Koti Linalomtekenya Mzee Qamara

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi kijijini kwetu Daudi kama mfalme! Leticia, binti wa kaka yangu, nesi kule Haydom, kanipa koti aliloachiwa na mgeni aliyerudi kwao Ulaya. Koti lina akili! Unaandika kwenye simu unakokwenda, unalivaa, linakutekenya. Bega la kulia — kata kulia. La kushoto — kushoto. Yote mawili — umefika, bwana.

Limekuja wakati wake. Jumamosi tunapeleka posa ya Wilbard, mdogo wake Leticia, kwa kina Violeth, Arusha. Baba wa binti kasema saa sita mchana, ikipita anafunga geti. Wazee wakauliza nani anaijua Arusha. Mimi! Kama jikoni kwangu!

Mke wangu Perpetua akacheka mpaka akashika ukuta. Eti jikoni kwenyewe sijui chumvi inakaa wapi. Na Arusha niliishia stendi, nikanywa chai, nikageuza.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimelijaribu Mbulu mjini. Nikakutana na Mama Rogathe. Shikamoo. Habari za ng'ombe, za mahindi, za wajukuu. Koti halina subira! Lilinitekenya nikaruka. Mama akauliza kama nimeingiwa na siafu.

Lakini lilinifikisha. Mimi ni mtu wa dunia, basi tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa! Nilisahau — kwenye msafara wa posa anatangulia Mzee Qamara, baba yetu mkubwa. Ukimpita mzee njiani umeiua posa mwenyewe. Sasa koti nyuma, njia mbele?

Nimemvalisha yeye. Nikamwambia Arusha kuna baridi. Akauliza, inaizidi ya Daudi? Nikasema, basi, ni koti la heshima. Hapo akalivaa! Nikamweleza habari ya mabega. Nimeelewa, nimeelewa, akasema.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuelewa.

Tangu tushuke stendi Arusha, koti likimtekenya anadhani kuna mtu nyuma anamgusa bega. Anageuka amwamkie! Sote tunageuka naye. Nikamnong'oneza, baba, ni koti hilo. Akang'aka: koti linanigusa bila shikamoo?

Tukaendelea hivyo, tunazunguka kama ng'ombe wa kupura ngano. Likamtekenya tena, akageuka — ana kwa ana na mzee mwenzake mwenye kofia, kasimama getini kwake. Wakaamkiana. Karibuni, karibuni ndani! Mzee Qamara akaingia. Nani ampite? Nani amzuie?

Tumeketi. Soda zimeletwa. Wilbard kanibana ubavu: baba mdogo, huyu siye baba yake Violeth!

Na Mzee Qamara kashasimama. Anaeleza ukoo wetu toka mwanzo — bado hajafika hata kwa babu yangu. Kwetu mzee akisimama kusema hakatizwi, hata nyumba ikiungua. Mwenye nyumba anatabasamu. Kamwita binti yake aje asalimie wageni!

Mimi niko mwisho wa kochi, najifanya naandika kumbukumbu za kikao. Jasho linanitoka.

Violeth kapiga simu. Wilbard anasikiliza, macho yamemtoka. Eti baba yake keshasimama getini, anatazama saa. Eti anatuona dirishani — tuko kwa jirani!

Koti linajua. Linamtekenya bega la kushoto, linamtekenya, linamtekenya. Mzee Qamara kalipiga kofi taratibu, kama mtu anayetuliza mtoto kanisani.

"Subiri, mwanangu," amesema. "Ninaongea."