Nilifungulia Dripu ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi ni bi harusi wa wiki sita, mpaka leo nikimwona mume wangu akifunga vifungo vya shati moyo unanienda mbio, na kwa kuwa nampenda yeye nampenda na mama yake, ambaye tulimlaza chumba cha wagonjwa mahututi, maambukizi yameingia kwenye damu, presha imeanguka, hajitambui. Siku ya kwanza walimwekea dripu mfululizo akafumbua macho, nikalia kwa furaha, basi siku ya tatu nakuta linadondoka tone moja, unasinzia ukingoja la pili, nikamuuliza nesi, "Dada, maji yamewaishia?" akanijibu, "Ya leo yanamtosha, dada yangu, daktari ameagiza tupunguze," nikajisemea huyu anambania mama yetu, alipogeuka, na mama amefumba macho, nikazungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira, maji yakatiririka, nikajiona mkamwana wa mfano.

Haikupita nusu saa mama akaanza kukohoa na kuhema, wakafunga dripu, wakamkalisha, wakampa oksijeni na dawa ya kukojoza, nami kimya. Sasa yuko nyumbani, mzima, ila mume wangu, mpole wangu yule, amemwandikia mkuu wa wauguzi barua ya kumlalamikia nesi, eti ndiye aliyeachia dripu, na bahasha nimeilamba mimi mwenyewe! Mwisho wa mwezi nesi anaitwa kujieleza. Nikisema, si nitampoteza kipenzi changu? Mama hajui kitu, ananipenda mno, kila nikimmiminia chai ananishika mkono, "Kidogo kidogo, mwanangu," kisha anatabasamu.

Bi Harusi Mwenye Siri

Bi harusi,

Nimecheka kidogo, nisamehe. Mapenzi yako ndiyo hayana kigurudumu cha kufungia. Nani alikuambia dripu ni soda ya mgeni, aongezewe mpaka akatae?

Maji yale ni dawa. Siku ya kwanza presha ilikuwa chini, yakamwokoa. Yakizidi, yanavuja kutoka kwenye mishipa, miguu inavimba, mapafu yanaloa, na mtu anahema kama anayezama, naye yuko kitandani. Ndiyo maana wanapima mkojo, wanasikiliza kifua, wanapunguza. Yule nesi hakuwa mchoyo, alikuwa kazini. Na kunyamaza kwako ndiko kulikoniudhi zaidi: uliwaacha wanahangaika kutafuta sababu, nawe unayo mkononi.

Leo mumeo akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie. Usianze na "mpenzi wangu wa milele", anza na kigurudumu. Kesho nendeni wote wawili kwa mkuu wa wauguzi, mfute ile barua, kisha umwombe nesi radhi uso kwa uso. Mumeo atanuna siku tatu, nne; mpikie, mwache anune. Lakini nesi akifukuzwa kwa ajili yako, utalala na siri hiyo kitanda kimoja maisha yako yote.

Na mama mkwe hajui kitu? Anayekushika mkono kila unapommiminia chai? Bibie, siku ile alifumba macho tu, hakuwa amelala. Anakungoja useme mwenyewe.