Nilisugua Chujio la Bwawa, Samaki wa Mume Wangu Wakafa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kosa hili nimelifua kwa mikono yangu mwenyewe na sina wa kumwambia. Mimi ni mshonaji, mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, ndoa yetu imelelewa na simu, na alipostaafu mwaka jana alizunguka nyumbani kama mgeni asiyejua vikombe vinakaa kabati gani, mpaka siku moja akashika koleo akaanza kuchimba nyuma ya jiko, nikamuuliza, "Baba watoto, kaburi la nani?" akasema, "Bwawa. La samaki wa rangi, wale koi." Akatandika plastiki nzito, akaunganisha mapipa mawili kuwa chujio, la kwanza la kutuliza uchafu, la pili la sponji na kokoto, pampu ikawa inavuta maji na kuyarudisha yakitiririka, nami nikamshonea mifuko ya wavu ya kutilia hizo kokoto, tukawa tunakaa hapo kila jioni na chai, na nikasema nimepata wake wenza saba wenye mapezi lakini wamenirudishia mume.

Mwezi uliopita akaenda kumtazama dada yake, nikafungua pipa la pili, nikakuta sponji zimevaa ute wa kahawia, nikasema ngoja nimfurahishe, nikazisugua zote kwa sabuni na maji ya bomba mpaka zikang'aa kama za dukani. Siku ya nne samaki wakaanza kuhema juu ya maji, ya sita wamekufa watatu, akiwemo yule mweupe aliyemwita Bi Harusi. Muuza samaki akaja kupima maji, akasema vile viumbe vidogo visivyoonekana, vinavyosafisha uchafu wa samaki, vimekufa vyote, na vilikuwa vinaishi kwenye ute uleule. Mume wangu, aliyekuwa amesharudi, akasema, "Basi nitakuwa nimekosea vipimo vya chujio," nami nimesimama pale na sinia ya chai, nikamkaribisha mgeni kikombe. Tangu siku hiyo hakai bwawani. Bosi wake wa zamani amempigia, kuna safari ya miezi miwili, Jumatatu atampa jibu. Anasema, "Labda ninachokiweza ni usukani tu." Nikisema atanichukia, nisiposema anaondoka. Nifanyeje?

Mwosha Sponji

Dada yangu,

Nimecheka, kisha nikakukasirikia, kisha nikakuonea huruma. Sponji nakusamehe. Hata mimi ningelisugua lile balaa, tena kwa brashi. Lakini kumwacha mwanaume wa watu ajihukumu mbele ya mgeni, nawe umekumbatia sinia! Hilo usilisingizie sabuni. Mficha uchi hazai.

Unadhani anakukimbia wewe? Anakimbia aibu isiyo yake, nawe ndiye uliyemvika. Mvue leo. Usiwatume watoto wenu, usiandike ujumbe wa simu, wala usianze na "binadamu hukosea". Mwambie: "Vipimo vyako vilikuwa sawa. Niliosha sponji kwa sabuni ulipokuwa kwa dada yako." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Bi Harusi hakuwa dagaa.

Akishatulia, kazi ianze. Nimemuuliza mfugaji mmoja wa samaki kwa niaba yako. Ombeni sponji chafu, ndiyo, chafu, kwa mtu ambaye samaki wake ni wazima, mzitie kwenye pipa lenu. Wale wanne waliobaki wapeni chakula kiduchu. Badilisheni maji robo kwa robo, na ya bomba yalale kwanza siku mbili kwenye chombo kilicho wazi ili klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, ipungue. Sponji zikiziba, zisuuzeni kwa maji ya bwawa lenyewe, na sabuni uiache kwenye nguo. Ute utachukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo vumilieni pamoja.

Na Jumatatu ikifika akachagua barabara, usilie mlangoni. Mfungie begi, akuonyeshe swichi ya pampu, umtunzie samaki wake. Lakini aende kwa sababu anaipenda safari, si kwa sababu mkewe alinyamaza.